Kabla ya kutaja jina la mvunjiko, tafuta upande uliovutwa

Wadogo zangu mnaoanza zamu za mifupa hapa Dar, jiandaeni kwa bodaboda. Picha ya eksirei mtakayoulizwa kwenye raundi mara nyingi itakuwa ya muundi, yaani mfupa wa ugoko, na kila mgeni hukimbilia kutaja jina la mvunjiko. Jina lisubiri. Mfupa mrefu ukivunjika kwa kupindwa, jiulize kwanza: ni upande gani ulivutwa, na upi uligandamizwa?

Mfupa ukipindwa, upande unaobinuka nje hunyooshwa na ule unaoingia ndani husongwa. Ganda gumu la mfupa wa paja wa mtu mzima, likibebeshwa kwa kufuata urefu wake, huhimili mgandamizo wa karibu megapaskali 200 (kipimo cha nguvu kwa eneo), lakini likivutwa hukatika kwenye kama 130. Ndiyo maana ufa huanzia upande uliovutwa. Hukata mfupa kwa kukingama, kisha ukikaribia upande uliosongwa huacha njia yake na kwenda mshazari, pengine kwa matawi mawili. Hapo hubanduka kabari ya pembetatu, ambayo wakubwa zenu huiita kipande cha kipepeo. Kitako chake kiko upande uliosongwa, ncha inatazama upande uliovutwa. Ukiijua njia ya ufa, huna haja ya kukariri.

Chukua mtu anayevuka Barabara ya Mandela, mguu umekanyaga lami, bampa likampiga kwenye ugoko. Upande uliogongwa ndio unaosongwa. Wa pili yake ndio unaovutwa. Kwa hiyo kitako cha kabari hukaa kule gari lilikotokea, na ncha huelekea lilikokuwa linakwenda. Wataalamu wa uchunguzi wa vifo huiita kabari ya Messerer, kwa jina la Otto Messerer, daktari Mjerumani aliyepima nguvu za mifupa ya binadamu na kuchapisha kazi yake mwaka 1880. Ila msije mkajaza kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kwamba gari lilitokea kushoto kwa sababu tu ya kabari. Vipande husogea, mguu huzunguka mgonjwa akibebwa, na wakati mwingine kabari hutokea kinyume. Andika ulichokiona, mengine waachie wenye kazi yao.

Kwa watoto mambo hubadilika kidogo. Mfupa wao unanyumbulika, hivyo aliyeanguka kwenye mwembe anaweza kuja na mkono uliovunjika kama kijiti kibichi cha mpera: upande uliovutwa umechanika, uliosongwa umepinda tu. Usiridhike na picha moja. Ya mbele inaweza kuonekana nzuri kabisa, na ya pembeni ikakuumbua.

Hapa pia ndipo hogo, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa, linapopata maana. Utando unaofunika mfupa kwa kawaida hubaki mzima upande uliosongwa, nasi tunautumia kama bawaba. Plasta ikiwa bado laini, hukandamizwa sehemu tatu: moja katikati, mbili upande wa pili, juu na chini ya mvunjiko, ili utando ule ukazike na kuvishika vipande. Hogo lililofungwa hivyo huonekana limepinda kidogo. Ndugu wa mgonjwa watalalamika; waelezeni, msilinyooshe ili kuwaridhisha.

Jambo la mwisho ni kasi. Mfupa unaopindwa ghafla huhifadhi nguvu nyingi zaidi kabla ya kukatika, kisha huiachilia yote kwa mara moja. Matokeo ni vipande vingi, na nyama za pembeni nazo huwa zimeumia. Ukiona picha ya namna hiyo, iweke chini urudi kitandani. Papasa mapigo ya damu juu ya wayo, bonyeza misuli ya mguu, vuta vidole juu taratibu. Akipata maumivu makali kupita yale ya mvunjiko, na misuli imekaza, mpigie simu mkubwa wako wa zamu muda huohuo, hata kama ni saa tisa usiku na anajulikana kwa ukali.