Muulize Anti: Fildi yangu ni kudai marejesho tu, ripoti nitaandika nini?

SWALI: Anti shikamoo. Nasoma chuo hapa Dodoma mwaka wa pili, sasa hivi niko fildi kwenye taasisi moja ya mikopo midogo, jina naomba nisitaje. Mada yangu ya ripoti ni maikrofainansi duniani, mi nikajua nitakaa na wataalamu nielezwe habari za Bangladesh na India, kumbe kazi yangu ni kupakiwa kwenye pikipiki ya afisa mikopo mpaka vijijini huko Chamwino, tunakaa chini ya mti na kina mama nahesabu hela na kujaza vitabu vya marejesho basi. Posho hamna, vumbi ndo usiseme. Wenzangu walioko benki wanaweka stetasi wamevaa tai. Supavaiza anakuja wiki ijayo, nihame au nichukue ripoti ya kaka mmoja wa mwaka jana nibadilishe jina?
Mwenye Vumbi, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Ripoti ya mwaka jana iache ilipo, supavaiza aliyeisahihisha ndo huyohuyo anakuja. Na usihame, hao wa tai wanapanga mafaili tu.

Hiyo maikrofainansi ya dunia umeikalia hapohapo chini ya mti. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi Chuo Kikuu cha Chittagong huko Bangladesh, alitoa dola 27 za mfukoni kwake akawakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra waliokuwa wamebanwa na wakopeshaji. 1983 ikawa Benki ya Grameen, 2006 yeye na benki wakapewa Nobeli ya Amani. Sasa angalia kikundi chenu: watu kudhaminiana, kikao cha kila wiki, hela kuhesabiwa mbele ya wote, hayo yote ndo mtindo wa kule. Hata BRAC, shirika linalokopesha kina mama, waliokuja Tanzania mwaka huohuo wa 2006 ni wa hukohuko Bangladesh.

Jiulize basi, kwa nini kila wiki? Mama wa kule anayeuza maziwa au mayai hela anaiona karibu kila siku, rejesho dogo dogo linamfaa. Huku kwetu Dodoma mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba inakata Aprili, mama analima uwele na alizeti, hela anaishika baada ya mavuno. Februari hela ya rejesho anaitoa wapi? Anauza kuku, anapika pombe, au anakopa kwingine alipe huku, na hapo ndo kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kukamua, wanapompatia. Vitabu si unajaza wewe? Linganisha Februari na Julai, nani kalipa kwa wakati nani kalipiwa na wenzie, hiyo ni sura nzima ya ripoti na hakuna kwenye intaneti. Majina ya wateja usiandike lakini.

Kukopa huku ulipe kule ndo kulikoangusha jimbo la Andhra Pradesh, India, 2010. Watu walirundikiwa mikopo ya taasisi nyingi, zikatoka habari za watu kujiua, serikali ya jimbo ikaingilia na marejesho yakasimama. Weka hilo pembeni ya kausha damu wetu, halafu soma Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliyopanga watoa huduma madaraja 4, wa kwenu wako la pili kama hawapokei amana, yaani akiba za watu.

Na riba ipigie hesabu mwenyewe. Chukua mfano laki tano, miezi 6, asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukiipiga flati, yaani kila mwezi riba ya laki tano yote hata kama kashalipa nusu, mama analipa riba 105,000. Ukiipiga kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu, naye anapunguza deni sawasawa kila mwezi, riba ni 61,250. Asilimia ni ileile! Muulize afisa wako kwa adabu ofisi inatumia ipi, na mkiwa kwenye pikipiki siyo mbele ya wateja, ukimwaibisha hutabebwa tena.

Supavaiza akija mpeleke kikaoni akae kwenye mkeka. Posho sina jibu, chuo kinajua na ofisi inajua.

SWALI: Anti, binti yangu yuko fildi Kibaigwa, bosi anamwambia awapigie wadaiwa kwa simu yake mwenyewe na vocha ajinunulie. Ni sawa?
Mama Neema, Kongwa

JIBU: Si sawa mama Neema. Namba yake itabaki kwenye simu za wadaiwa hata akisharudi chuo, watampigia usiku kumtukana. Aombe simu ya ofisi, wakikataa amwambie supavaiza wa chuo mapema kabla barua ya tathmini haijaandikwa, maana ikishaandikwa vibaya kuibadilisha ni kazi.