Kabla Hujaihukumu Stata

Alhamisi iliyopita nilikuwa nimekalia tairi nakunywa chai, ikaletwa Kikumi, yaani Toyota Corolla 100, inasukumwa na watu wanne. Mwenye gari hajamaliza hata kusalimia, vijana wetu wawili wameshainamia injini: mmoja ana nyundo, mwingine ana simu sikioni anaulizia bei ya stata, ile mota ya kuzungushia injini iwake, kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Mita ya kupimia umeme ilikuwa kwenye sanduku lake. Taa hakuna aliyeziwasha. Nilinyamaza makusudi nione mtafika wapi, na mlifika kwenye bei, tena mkaanza kuongeza nauli ya basi la usiku. Ndipo nikasimama, nikashika kichwa cha waya kwenye chanya ya betri, kikazunguka chenyewe mkononi kama kofia kwenye kichwa cha mtoto. Spana namba kumi, gari ikawaka, mwenyewe akaondoka anatutazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

Nawapenda, wadogo zangu wa gereji, ndiyo maana naandika hatua za kufuata gari likikataa kupiga stata, badala ya kurusha spana. Kikumi na Toyota Corona hizi bado tutakuwa nazo sana. Tangu 2018 sheria ya Uganda imezuia kuingiza gari lililotimiza miaka kumi na tano, lakini zilizokwisha kuingia haziendi kokote, zinazeekea hapa hapa Arua, na waya zake zinazeeka nazo.

1. Muulize mwenye gari kabla ya kufungua boneti. Ilizimika ghafla au imekuwa ikisumbua asubuhi tu? Nani aliishika mwisho? Kuna alamu? Kuna swichi ya siri ya kuzuia wezi? Msicheke. Rafiki yangu mmoja alitumia nusu siku kwenye Noah ya mzee fulani, akafungua dashibodi yote, skrubu zimejaa kofia nzima. Saa tisa mke wa mzee akaja kuleta chakula, akauliza, "Mmebonyeza kile cha chini ya kiti?" Mzee alikuwa amesahau. Aliifunga hiyo swichi yeye mwenyewe, na kila siku anaibonyeza bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Rafiki yangu alilipwa chakula.

2. Washa taa kubwa, kisha piga stata huku ukizitazama. Zikifa kabisa, shida iko kwenye betri au vichwa vyake. Zikibaki kali na husikii chochote, fuata njia ya swichi: swichi ya ufunguo, relei, na kama ni otomatiki jaribu gia ikiwa kwenye N kabla hujafungua kitu. Zikibaki kali na unasikia "tak" moja nzito, basi ni kopa, vile vipande vya shaba vya kugusanisha moto ndani ya solenoidi (swichi kubwa ya umeme ya stata), zimelika, au waya mnene wa chanya, au ethi, yaani njia ya kurudishia moto kwenye hasi ya betri. Hiyo ethi ishikeni, nitairudia.

3. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Wakati stata inavuta, ikishuka chini ya 9.6, ichaji kwanza ndipo uipime tena, usimtume mtu dukani. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa unatoka kwa maji ya moto na brashi.

4. Fyuzi ipime pande zote mbili kwa taa ya kupimia. Macho yanadanganya.

5. Sasa ethi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili lilinila mimi.

Mwaka 2011 nilikuwa na gereji yangu ya kwanza, banda la mabati matatu, na kichwa kikubwa kuliko banda. Mama mmoja muuguzi, anafanya kazi Koboko, aliniletea Corona AT190 ya gia za mkono. Nikambadilishia sahani ya klachi. Nilishusha giaboksi, nikairudisha, gari ikatembea vizuri, akanilipa na kuniombea baraka. Baada ya wiki mbili ikarudi inavutwa kwa kamba. Ukipiga stata: tak. Tena: tak.

Nikapima betri, 12.6. Taa kali. Honi inalia mpaka mbuzi wa jirani wanakimbia. Nikaweka mkia mwekundu wa mita kwenye bolti nene ya stata, mweusi nikauacha kwenye hasi ya betri, nikasoma 12.5. Nikamwambia mama, "Moto wa umeme unafika, stata imekufa." Nilisema kwa sauti ya daktari.

Nikaitoa stata, nikaiweka chini, nikaipa moto wa betri kwa jampa, zile waya nene za kuazimia moto. Ikazunguka. Wadogo zangu, ikazunguka! Iliruka mpaka ikatoka chini ya mguu wangu. Stata ilikuwa inaniambia ukweli na mimi nikasema, "Inazunguka ndiyo, lakini haina nguvu." Sijui nilipimia wapi hiyo nguvu. Mama akatoa shilingi 220,000, stata ikaja na basi la usiku kutoka Kampala, nikaifunga. Tak.

Nikaazima betri ya pikapu ya jirani. Tak. Nikasema basi ni swichi ya ufunguo, nikafungua kava za usukani, nikakata waya tatu nzima kabisa nizigusanishe kwa mkono. Tak, na cheche kidogo za kunifurahisha. Hizo waya nilikuja kuziunga kwa utepe mweusi, na mpaka leo nikiwaza juu yake najikunja.

Siku ya pili mama alikuwa kwenye kiti ananipigia stata. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hii pedali ya mafuta imekuwa ngumu." Kulikuwa na harufu ya plastiki. Nikashika kebo ya eksileta pale inapoingia kwenye injini, ikaniunguza vidole. Iliniunguza, nikapuliza vidole, nikasema, "Ni kebo ya zamani, mama," nikaimiminia oili. Ikatoa moshi. Akanunua na kebo pia.

Jibu nilikuwa nimelishika kwa mkono, likaniunguza, nikalimwagia oili.

Siku tatu hizo yeye anapanda taksi kwenda Koboko kwenye zamu ya usiku na kurudi. Hakunigombeza hata mara moja. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Siku ya tatu akapita fundi mmoja kutoka Ariwara, upande wa Kongo, mtu mzima, amevuka mpaka kutafuta tairi. Akasimama kwenye kivuli akitazama. Mwishowe akauliza kwa Kiswahili chake cha kule, pole pole: "Ndugu, moto unaenda. Unarudia wapi?" Sikuelewa. Akaomba jampa, waya mmoja tu. Upande mmoja akabana hasi ya betri, wa pili akabana pete ya kunyanyulia injini. "Piga." Injini ikawaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo.

Ethi nene inayotoka hasi ya betri kwenda giaboksi ilikuwa imelegea, mashikio yana kutu na vumbi. Na bolti yake nani aliifunga? Niliifunga mimi, kwa vidole, siku ya klachi. Nakumbuka mpaka dakika yenyewe: niliitwa kula, nikasema nitarudi kuikaza kwa spana. Barabara ilimalizia kazi yangu.

Taa na honi zilikuwa sawa kwa sababu zinarudia kwenye bodi, na ule waya mwembamba wa hasi kwenda bodi ulikuwa mzima. Stata inarudia kwenye injini yenyewe. Njia kuu ikiziba, moto unatafuta chuma chochote kinachounganisha injini na bodi, na kwenye ile Corona ulikipata kwenye kebo ya eksileta. Piga hesabu ndogo: stata ikivuta ampia 150, ukinzani wa ohmu 0.02 tu unakula volti tatu. Na ohmu 0.02 mita zetu za sokoni haziioni kabisa. Ndiyo maana ethi haipimwi kwa ohmu, wala gari likiwa limelala. Mkia mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.2, una kazi ya kusafisha. Upande wa chanya, kutoka betri mpaka bolti ya stata, vumilia hadi 0.5. Taa ya kupimia nayo itawaka hata kama waya mnene umebakiza uzi mmoja. Taa haihitaji kitu, stata ndiyo yenye njaa.

Mama nilimwambia nini? Nilimwambia ethi "ilikuwa imechoka". Yule mzee wa Ariwara alinitazama, akachukua tairi yake, akaenda. Mwaka mzima uliofuata nilimfanyia mama sevisi bila kumtoza, nikiita punguzo la mteja mzuri. Stata yake ya zamani, ile nzima, iko kwenye rafu ya juu pale ofisini. Mnaniuliza kila siku kwa nini siiuzi.

6. Nyundo. Kuigonga stata kidogo ikazunguka mara nyingi maana yake kaboni zake za ndani, zinazopeleka moto kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha. Umepata habari, hujatengeneza. Na zile zenye sumaku ya kudumu mkizipiga kama mnavunja kokoto, sumaku inapasuka ndani.

7. Tak nzito, ethi safi, waya safi: sasa fungua solenoidi utazame kopa. Kwenye Toyota hizi zinabadilishwa zenyewe, kwa bei ndogo sana kuliko stata nzima. Ongea na mwenye gari kwanza, si na Kisekka.

8. Stata inazunguka vizuri na gari haiwaki: hilo ni jambo jingine, cheche na mafuta, msiniletee hapa.

9. Mita ikiwa na betri dhaifu inasoma juu kuliko ukweli, betri ya gari iliyokufa inaonekana nzima. Jumatatu, mita yetu ile ya kijani ilinisomea volti 14 kwenye gari iliyozimwa. Nikafungua nyuma nikakuta betri ya volti tisa ni kuukuu, si ile mpya niliyoweka mimi. Aliyeichukua akaitia kwenye maikrofoni ya kwaya namjua, nilimsikia Jumapili, na sauti ilikuwa safi sana. Airudishe.