Nyumba iko rehani benki, mwenyewe anataka kuniuzia chini ya deni: ninunue?

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Bombo, Uganda, na mama watoto tumeweka pesa miaka mingi tupate nyumba yetu. Kuna jamaa anauza nyumba Namugongo kwa milioni 150 lakini benki inamdai milioni 180, yeye anasema benki itakubali tu. Dada yangu yuko Atlanta, ananiambia huko Marekani hiyo inaitwa shoti seli na watu walinunua sana vile baada ya bei za nyumba kuanguka 2008. Sasa jamaa anataka nimpe milioni 5 kwanza ya kushikilia nyumba. Hiyo kitu hapa kwetu ipo kweli?

JIBU: Kaka yangu, nashukuru umeuliza kabla hujatoa hata shilingi, maana binamu yangu Jinja aliuliza baadaye, akakuta pesa ishaliwa na taito, hati ya umiliki, iko kwa kabati ya benki.

Dada yako hajakosea. Kule Marekani mtu akishindwa kulipa mkopo na nyumba imeshuka bei kuliko deni, anaweza kuomba benki imruhusu auze kwa bei hiyo ya chini, benki ichukue kinachopatikana na ifungue rehani, yaani iiachilie nyumba. Lakini sikiliza hapa vizuri, mwenye nyumba kukubali bei yako si mwisho wa safari, ni mwanzo, kwa sababu karatasi zinaenda benki pamoja na barua yake ya kueleza shida iliyomkuta na ushahidi wa mapato, benki inatuma mtu wa kuthamini nyumba, halafu unangoja, wiki nyingi, mara nyingine miezi, na kama kuna mkopo wa pili juu ya nyumba hiyohiyo basi na huyo mkopeshaji wa pili lazima akubali. Nyumba unaichukua vile ilivyo, bati likivuja ni lako. Na lile deni linalobaki, majimbo mengine benki inaweza kumfuata muuzaji nalo, mengine kama California sheria inakataza.

Hapa Uganda hakuna utaratibu wenye jina hilo, ila mwenye nyumba na benki wakikubaliana, nyumba inaweza kuuzwa kwa mapatano bila kwenda mnada. Kwa hiyo huyo jamaa anaweza kuwa msema kweli kabisa. Shida ni kwamba hiyo milioni 30 inayopungua si yake kusamehe! Ni ya benki. Yeye kusema "benki itakubali" hakukusaidii kitu mpaka uone barua ya benki yenyewe, inataja ploti namba fulani, inataja bei wanayokubali, na inasema wazi kwamba ikilipwa hiyo bei watafungua rehani na kutoa taito. Kama barua inasema tu "tumepokea ombi lako" hiyo si kitu kaka, usiikimbilie.

Muulize pia kama benki ishampa notisi, na ya tarehe gani. Sheria yetu ya rehani ya 2009 inampa mkopaji siku 45 za kazi tangu apewe notisi ya kushindwa kulipa, zikipita benki inaweza kutoa notisi ya kuuza, hiyo nayo ni siku 21 za kazi. Hapa ndipo watu wengi wanaumia, wewe uko unabishana bei na mwenye nyumba taratibu taratibu, kumbe siku zinahesabiwa upande ule na dalali wa mnada anaandaa tangazo la gazeti. Mazungumzo yenu peke yake hayasimamishi mnada.

Halafu nenda mwenyewe ofisi ya ardhi Wakiso ufanye sachi, yaani upekuzi wa rekodi, ya hiyo taito, usikubali ya kuletewa na broka. Utaona rehani imeandikwa kwa benki gani, kama kuna benki ya pili, kama kuna kavieti ya mtu, yaani zuio la anayedai haki kwenye hiyo ardhi. Huko Namugongo ardhi nyingi ni mailo, yaani mwenye taito ni mmoja lakini wengine wanaweza kuwa na haki ya kukaa juu yake, kwa hiyo kaa na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na majirani uulize kama kuna mwenye kibanja, mkaaji wa namna hiyo, ndani ya hiyo ploti, hilo taito haitakwambia. Na mke wa huyo jamaa, kama wanaishi hapo, lazima aandike ridhaa yake, asiposaini achana nayo hata bei iwe tamu namna gani.

Tafuta loya wako, si wa muuzaji. Weka pembeni na pesa ya ushuru wa stempu wa kuhamisha taito kwa jina lako, ni 1.5% ya thamani, kwa milioni 150 hiyo ni milioni 2 na laki 2 na nusu, na mthamini wa serikali akiona nyumba ina thamani zaidi utalipa zaidi.

Hiyo milioni 5 usimpe mkononi. Mwambie mwende wote watatu, yeye, wewe na loya, mkamwone afisa wa mikopo, barua ikitoka pesa yote iingie kwenye akaunti ya mkopo wake palepale benki, na loya wako atoke na taito pamoja na karatasi ya kufungua rehani iliyosainiwa. Akikataa kwenda benki na wewe, basi nyumba nyingine zipo, hata huko huko Bombo.