Tairi za kashata kwa pikapu ya umeme: tazama uzito kwanza
Ukubwa wa kashata, yaani yale meno ya tairi yanayoshika njia mbovu, si kigezo cha kwanza, ndugu. Anza na namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa sababu betri huifanya pikapu ya umeme kuwa nzito kuliko ya dizeli yenye umbo hilohilo, na Rivian R1T, kwa mfano, hupita tani 3 ikiwa tupu. Namba 116 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Usishuke kamwe chini ya ile aliyoipanga mtengenezaji wa gari. Kwa njia ya Mto wa Mbu hadi Engaruka na Ziwa Natron, ambako mawe ya volkano huchana tairi, ningechagua zenye ubavu mgumu, ingawa kashata nzito hula chaji na zinaweza kupunguza umbali wa safari kwa asilimia 10 au zaidi. Ikiwa safari zako nyingi ni za lami kati ya Moshi na Arusha, kashata za wastani zinatosha kabisa. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa bado baridi.