Kompyuta ya gemu isiyonguruma, kwa hela kidogo

Mkuu, umesema unalala chumba kimoja na mdogo wako, hela ni ya kubana, na hutaki kelele. Kelele ni feni, na feni hukimbizwa na joto. Kwa joto letu la Dar, hapo ndipo pa kuweka akili. Tafuta Kariakoo kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye kasha pana, si ile nyembamba. Weka kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, aina ya GTX 1650 isiyohitaji waya wa umeme wa ziada. Hula kama wati 75 tu, hivyo joto lake ni dogo. Diski iwe SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hivyo haina sauti. Feni ya milimita 120 inayozunguka taratibu ni tulivu kuliko ndogo inayokimbia. Halafu, kwenye mipangilio, zuia fremu (picha ambazo kadi huchora) zisizidi 60 kwa sekunde, kadi isichemke: ni bure, na wengi hawagusi mpangilio huo. Taa za rangi? Achana nazo.