Niuze hisa iliyopanda au iliyoshuka? Jibu la aliyekwishaungua

Mkuu, umesema una hisa za kampuni mbili pale DSE (soko la hisa la Dar es Salaam), moja imepanda kama asilimia 30, nyingine imeshuka 35, na unatafuta ada ya mtoto ya Januari. Ukamalizia kwamba utauza iliyopanda "ule faida yako", ile nyingine utaisubiri irudi bei uliyonunulia. Hapo kwenye "irudi" ndipo mimi nilipokaa miaka minne.

Mwaka 2016 nilinunua hisa 2,000 za kampuni moja kwa sh. 500 kila moja. Jina naliacha, kosa lilikuwa langu. Nilikuwa pia na hisa kidogo za benki. Zile mpya zikaanza kuteremka: 460, 400, 340. Za benki zilipopanda kidogo tu nikaziuza chapchap, nikatamba kwa washkaji. Bei ilipofika 340 nikaongeza nyingine 1,000, eti nashusha wastani wa bei niliyonunulia. Ripoti ya mwaka ya kampuni sikuifungua hata siku moja. Nilichokuwa nacho ni kikaratasi cha dalali wa hisa ndani ya pochi, kimekunjwa mpaka maandishi yamefutika, ila ile 500 ilikuwa bado inasomeka. Kila nikiangalia bei ya siku, nailinganisha na kikaratasi.

Aliyenizindua ni mke wangu, ambaye hisa hazimhusu kabisa. Anauza nguo za watoto Tandika. Jioni moja nikamkuta anapanga mzigo, magauni aliyochukua kwa 8,000 anayatenga ya kuuza 6,000. Nikamuuliza mbona anakula hasara. Bila hata kuinua kichwa akanijibu: "Hasara niliipata siku mzigo ulipolala, baba. Mteja hajui nimenunua kwa ngapi, na hajali. Nikirudisha hela naingiza mzigo unaotembea."

Nikaguna tu. Lakini usiku ule kikaratasi nilikitoa kwenye pochi.

Baadaye ndiyo nikaja kujua kuwa ugonjwa huu una wataalamu wake. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba hasara inatuuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyotufurahisha. Ndiyo maana faida tunaiwahi, hasara tunaikimbia, maana ukiuza umekiri kwamba ulikosea. Mtafiti Terrance Odean wa Marekani akapekua akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja, za kuanzia 1987 hadi 1993. Akakuta watu wanauza zilizopanda kwa wepesi kuliko zilizoshuka, na kwa wastani zile walizouza zilifanya vizuri mwaka uliofuata kuliko zile walizong'ang'ania. Nilivyosoma nikaona kama na akaunti yangu ya CDS (ile inayotunza hisa zako) ilikuwemo.

Najua atatokea mtu hapa na mfano wa Safaricom, ile kampuni ya simu ya Kenya: hisa yake iliuzwa KSh 5 mwaka 2008, ikaanguka chini ya 3, na waliovumilia wakaiona imevuka 40 mwaka 2021. Ni kweli. Ila kwenye soko hilohilo la Nairobi kulikuwa na wavumilivu wa kampuni ya sukari ya Mumias, nao walikuwa wanasubiri irudi, mpaka mwaka 2019 ikawekwa chini ya meneja aliyeletwa na wadai kwa sababu ya madeni. Hao hawaanzishi nyuzi za kujisifu, kwa hiyo husikii habari zao. Kuvumilia kwenyewe si tatizo. Uliza unavumilia nini: biashara unayoielewa, au namba ya siku uliyonunua?

Sasa ada. Chukua kampuni zote mbili, sahau ulinunua kwa ngapi, jiulize: leo ningekuwa na hela mkononi, ningenunua ipi kwa bei hii ya leo? Ambayo usingeinunua ndiyo ya kuuza. Inaweza kweli kuwa iliyopanda, siijui kampuni yako. Soma kwanza ripoti zao mbili za mwisho, mauzo, madeni, gawio, na usiwasome wachangiaji wanaokubaliana na wewe peke yao (mimi nilikuwa nawatafuta haohao).

Na usisubiri Desemba iishe. Soko letu hili unaweza kuweka oda ya kuuza ikalala wiki nzima bila mnunuzi, hasa hisa zisizochangamka. Mpigie dalali wako Novemba, muulize wanunuzi wamepanga foleni kwa bei gani.