Kama ni Gujarat, anzia Tejgadh

Umeuliza ni taasisi zipi katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, zinazowasaidia kweli Adivasi, yaani makabila ya wenyeji asilia, si kuwaweka kwenye kabati za vioo tu. Mimi ningeanzia kijiji cha Tejgadh, kwenye Adivasi Academy. Iliasisiwa na Bhasha, shirika la mji wa Vadodara lililoanzishwa mwaka 1996 na msomi Ganesh Devy. Ina jumba la makumbusho liitwalo Vaacha, yaani "sauti", na iko katikati ya Warathwa wenyewe, kabila la Adivasi wanaochora michoro ya Pithora ukutani kutimiza nadhiri. Hilo la kuwa kijijini ndilo linalonivutia. Mjini Ahmedabad, chuo kikuu cha Gujarat Vidyapith nacho kina makumbusho ya makabila. Ukiwa huko Gujarat, ulizia pia jamii ya Wasidi: asili yao ni Afrika, wengine pwani yetu hii ya Afrika Mashariki.